Kasisi wa Barabarani: Pasaka, Safari Rally na Bonde la Ufa

Mwaka wa 2024 Jumapili ya Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Asubuhi hiyo, makanisa ya Naivasha yakijaa watu waliovalia nguo za sikukuu, magari ya Safari Rally yalikuwa yakitimua vumbi Malewa, Oserian na Hell's Gate. Ijumaa Kuu magari hayo yalikuwa yamezunguka pande za Ziwa Naivasha, na Jumamosi yakapanda hadi Soysambu na Elmenteita. Siku zote tatu takatifu zilikuwa kwenye ratiba ya mbio. Mshindi alikuwa Kalle Rovanperä wa Finland, na mkondo wa kumalizia una jina ambalo mhubiri yeyote angelipenda kwa mahubiri ya Pasaka: Lango la Jehanamu.

Mbio zinapogongana na sikukuu namna hiyo, swali la heshima haliwezi kukosa kuulizwa. Lakini mtu aliyekua miaka ya sitini au sabini atakuambia hakuna jipya hapo. Safari ilikuwa ya Pasaka tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni ile miaka mitatu ya mwanzo baada ya mbio kurudi kwenye ubingwa wa dunia, 2021 hadi 2023, zilipofanywa mwezi wa Juni.

Mimi swali langu ni jingine. Katika Olimpiki siku hizi kuna makasisi, maimamu na wahudumu wa dini nyingine wanaojitolea kukaa na wanamichezo mashindano yanapoendelea. Hawalipwi, na wengi wao huchukua likizo kazini ili waende. Kaunti ya Nakuru sasa ina shindano la dunia mlangoni pake. Je, mtu wa huku akijitolea kuwa kasisi wa Safari Rally, atakwenda kumhudumia nani? Jibu si rahisi kama linavyoonekana, na historia ya bonde hili ina la kusema.

Matope ya Pasaka

Safari ilianza mwaka wa 1953, wakati wakoloni walipokuwa wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja aliyeitwa Neil Vincent alialikwa kushindana katika uwanja wa mbio za magari wa Langa Langa, huku upande wa Nakuru, naye akakataa. Kuzunguka-zunguka mahali pamoja kulimchosha. Alitaka kufunga mlango wa gari, aendeshe kupita nusu ya Afrika, na atakayefika wa kwanza awe ndiye mshindi. Binamu yake, Eric Cecil, akalichukua wazo hilo. Tarehe 27 Mei 1953 magari yakaondoka kutoka miji mitatu, Nairobi, Kampala na Morogoro, na mwisho wa safari ukawa Nairobi.

Tusisahau nchi ilikuwa katika hali gani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Vibarua Wakikuyu walikuwa wakifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakatwaa silaha na kuwafungua wafungwa. Miezi miwili tu baadaye, watu wengine wakawa wanashindana kwa magari katika barabara za koloni hilohilo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mbio hizi zimekuwa na watu wa aina mbili kwenye barabara moja: wanaosafiri kwa furaha, na wanaosafiri kwa sababu wamefukuzwa. Jambo hilo tutalirudia.

Haikuchukua muda, mbio zikahamishiwa Pasaka. Zilikaa hapo kwa miongo mingi, na hata ile ya mwaka wa 1996 ilikimbiwa wikendi ya Pasaka. Sikukuu iliwapa watu siku nne za mapumziko. Tena Pasaka huja pamoja na masika. Mvua za Machi na Aprili hugeuza udongo mweusi kuwa ugali. Barabara iliyokuwa ngumu Alhamisi, Jumamosi inameza gari mpaka milango. Waandaaji waliyataka matope hayo, na waliyapata. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na wote waliomaliza walipewa sifa kama mashujaa waliovuka bahari kwa miguu.

Safari ya wakati huo ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo matatu na malori ya maziwa yaliendelea kuzitumia. Hukuhitaji tiketi. Hukuhitaji kupanda gari kwenda mahali popote. Ulitoka ibadani, ukasimama kando ya barabara, na Safari ikakujia wewe. Watoto walijifunza kutambua gari kwa mlio kabla halijatokea kilimani. Gari likikwama, wanaume walivua viatu vya Pasaka wakaingia matopeni kusukuma. Huyo dereva hawakumjua, na mara nyingi hata lugha yake hawakuijua. Walimsukuma hivyohivyo.

Mnaweza kusema hiyo ni starehe tu, watu walipenda magari. Ni kweli. Lakini msafiri aliyekwama usiku wa mvua akitolewa na watu asiowajua, kwa jasho lao na bila kuulizwa dini yake, amepata huduma ambayo makasisi wa michezo wa leo husomea kwa miezi.

Kanisa la mateka

Ukishuka kutoka Nairobi kwa barabara ya chini kuelekea Mai Mahiu, pembeni mwa ukuta wa bonde utaona kanisa dogo la mawe. Ni dogo mno; misa ya harusi ya kawaida haitoshei humo. Lilijengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka wa 1942. Watu hao walikuwa wanajeshi walioshindwa na Waingereza vita vilipofika Somalia na Ethiopia, wakaletwa Kenya, wakapewa kazi ya kuchonga barabara kwenye mteremko huo. Katikati ya kazi ya lazima wakajenga mahali pa kusali.

Mimi huliona kanisa hilo kama waraka wa historia. Waliolijenga hawakuwa na parokia hapo. Hawakuwa wenyeji, hawakujua wangeondoka lini, na barabara waliyoitengeneza haikuwa yao. Walichoacha ni kanisa la watu wanaopita. Madereva wa malori hulijua. Wasafiri wa Narok na wa Naivasha hulipita kila siku. Barabara hiyohiyo waliyoichonga mateka ndiyo mojawapo ya zinazobeba mashabiki kutoka Nairobi kwenda kuona Safari Rally leo.

Sasa tuende mbali kidogo, Makindu, kwenye barabara ya Mombasa. Hapo Masingasinga walijenga hekalu lao mwaka wa 1926, enzi za kazi za reli. Mpaka leo msafiri yeyote, awe Mkamba, Mluo, Msomali au mtalii, huingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chakula na hata mahali pa kulala, bila kudaiwa senti. Kwa Masingasinga kazi hiyo ya kujitolea ni ibada yenyewe. Wanaiita seva.

Nalitaja hekalu hilo kwa sababu ya mtu mmoja. Dereva aliyependwa kuliko wote katika Safari ya zamani, Joginder Singh, alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, Singasinga wa Bonde la Ufa. Aliishinda Safari mwaka wa 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Wakenya walimwita Simba. Na angalia kalenda: Vaisakhi, sikukuu kubwa ya Masingasinga, huwa tarehe 13 au 14 Aprili, yaani mara nyingi jirani kabisa na Pasaka. Mwaka wa 1965 Pasaka ilikuwa tarehe 18 Aprili. Umati wa Wakristo waliotoka kusherehekea ufufuo ulimshangilia mtu mwenye kilemba aliyetoka kwenye sikukuu yake mwenyewe siku chache nyuma. Hakuna mkutano wa dini mbalimbali uliopanga jambo hilo. Barabara ndiyo iliyolipanga.

Kwa hiyo anayesema Safari ya Pasaka ni jambo la Wakristo kukosewa heshima, au la Wakristo peke yao kulihudumia, ameisahau nusu ya hadithi. Hata Pasaka ya 2024 ilikuwa ndani ya Ramadhani. Dereva wa lori la vifaa, mpishi, askari wa trafiki au fundi Mwislamu aliyefanya kazi Naivasha wikendi hiyo aliifanya akiwa amefunga, juani, vumbini. Mwaka wa 2025 mbio zilikuwa tarehe 20 hadi 23 Machi, na ikawa Ramadhani tena.

Dunia ilivyojifunza

Olimpiki zimepita njia ndefu kufika kwenye utaratibu wa makasisi wa kujitolea. Sehemu ya somo hilo ililetwa na msiba. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1972, mjini Munich, Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji. Alfajiri iliyofuata wapiganaji wa Kipalestina waliingia katika kijiji cha wanamichezo wakawateka Waisraeli. Kufikia usiku wa kuamkia tarehe 6, Waisraeli 11 walikuwa wamekufa. Asubuhi hiyo watu walikusanyika uwanjani kuwakumbuka, kisha mbio zikaendelea. Tarehe 10 vijana wanne wa Kenya, Asati, Nyamau, Ouko na Sang, wakatwaa dhahabu ya kupokezana vijiti ya mita 400 kwa wanne.

Sisi tunaikumbuka dhahabu hiyo, na tuna haki. Lakini fikiria umri wao. Fikiria kulala karibu na nyumba ambamo watu wamechukuliwa kwenda kuuawa, kisha uambiwe keshokutwa ukimbie kwa ajili ya taifa. Katika hali hiyo kocha anashughulikia saa na miguu, daktari anashughulikia misuli. Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kukaa tu na kijana, asimdai chochote, wala ushindi.

Mwaka wa 1992 Barcelona ilijenga katika kijiji chake jengo la sala la dini mbalimbali, likaitwa kwa jina la Ibrahimu, baba wa imani kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mashindano yalipokwisha likawa kanisa la mtaa. London, mwaka wa 2012, ilikuwa na wahudumu karibu 200 wa dini mbalimbali, na kazi yao ilikuwa nyeti kwa kuwa Olimpiki hiyo iliangukia Ramadhani. Wanariadha Waislamu walihitaji ushauri wa kufunga na kushindana. Paris, mwaka wa 2024, katika nchi inayojulikana kwa kuitenga dini na mambo ya serikali, kijiji kilikuwa na kituo kimoja cha dini tano: Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wabudha chini ya paa moja.

Masharti ya kazi hiyo yanafanana kokote. Kasisi wa kujitolea haruhusiwi kuvuna waumini. Hatembei na vipeperushi. Hasemi na waandishi wa habari kuhusu aliyoambiwa. Haombi picha na bingwa. Anakaa katika chumba chake au anazunguka kwa utaratibu, na siku nyingine hakuna anayekuja. Akija mtu, mara nyingi siyo aliyeshinda. Ni aliyeanza mapema akafukuzwa kwenye mstari, aliyeumia misuli mita 50 za mwisho, au aliyepigiwa simu kwamba mamake amefariki nyumbani na hajui amwambie nani.

Ukitazama masharti hayo utaona kwamba wahubiri wengi wetu tusingeweza kazi hii. Tumezoea kipaza sauti. Huku kwetu ukimpa mtu beji yenye neno kasisi, kabla ya saa sita atakuwa ameanzisha krusedi.

Afraha, 2008

Nakuru haikusubiri Safari irudi ndipo ijue maana ya kasisi katika uwanja wa michezo. Ilijua Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilipofika mjini, watu walikimbilia uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha. Mahali pa mpira na mbio pakawa mahali pa mahema, foleni za maji na watoto wanaolia. Naivasha watu waliteketezwa ndani ya nyumba. Viongozi wa dini waliokwenda kambini walikuta watu ambao hawakuwa na haja ya mahubiri. Walihitaji blanketi, na mtu wa kuandika majina ya waliopotea.

Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, mwaka uleule wa yale magari 7, ilikuwa imeshapitia hayo. Askofu wake wa miaka mingi, Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, aliyekuwa hapo kuanzia 1971 hadi 1996, alisimama na waliofukuzwa katika mapigano ya kikabila ya mwanzo wa miaka ya tisini, akasema hadharani maneno ambayo serikali ya wakati huo haikutaka kuyasikia. Huo nao ni ukasisi wa barabarani, kwa sababu watu hao walikuwa barabarani na magodoro yao.

Ghasia za 2008 ziligusa riadha moja kwa moja. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, aliuawa karibu na Eldoret siku ya mwisho ya 2007. Mwezi uliofuata mkimbiaji wa marathoni Wesley Ngetich akauawa kwa mshale. Miezi saba baadaye timu ya Kenya ikapanda ndege kwenda Beijing. Ilikuwa na wakimbiaji kutoka jamii ambazo Januari zilikuwa zikichomeana nyumba, na sasa walipaswa kulala kijiji kimoja, kula meza moja na kuvaa rangi moja. Pamela Jelimo wa Nandi akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Tarehe 24 Agosti Samuel Wanjiru wa Nyahururu, akiwa na miaka 21, akashinda marathoni kwa saa 2:06:32, rekodi mpya ya Olimpiki na dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni.

Mbio hizo zilituponya kidogo, sote tunakubali. Lakini vijana wenyewe nani aliwaponya? Tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa. Alikuwa na miaka 24. Yaliyosemwa juu ya usiku ule ni mengi na sitayarudia. Familia yake ipo. Nasema tu kwamba kati ya Beijing na roshani ile kuna miaka chini ya mitatu. Huduma ya kijiji cha Olimpiki ni ya wiki mbili au tatu. Baada ya hapo medali inakuja Nyahururu, fedha zinakuja, marafiki wapya wanakuja, na kasisi wa kujitolea amerudi kwao kazini. Hapo ndipo udhaifu wa mpango mzima ulipo, na hauwezi kuzibwa na Paris wala Los Angeles. Unaweza kuzibwa na mtu anayeishi Nyahururu.

Vasha

Turudi Naivasha. Safari iliyorudi mwaka wa 2021 si ile ya zamani. Kituo chake cha karakana kiko katika taasisi ya mafunzo na utafiti wa wanyamapori mjini Naivasha, na mikondo yake mingi inakimbiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi: Kedong, Oserian, Soysambu. Magari yanakimbia mchana, kwa sekunde, kwenye njia zilizofungwa. Usalama umeongezeka, na hilo ni jema. Ila jambo moja limegeuka juu chini. Zamani mbio zilimfuata mtu kijijini kwake. Sasa mtu ndiye anayezifuata. Ndiyo sababu mji wa Naivasha hufurika wikendi ya Safari, na ndipo lilipozaliwa lile jina la mitandaoni, Vasha, likimaanisha muziki, pombe na kutolala.

Basi kasisi wetu wa kujitolea amefika, ana koti lake la kuakisi mwanga. Amwendee nani?

Atasema kwanza madereva, na hajakosea. Mchezo huu unaua. Tarehe 13 Aprili 2023, siku chache baada ya Pasaka, dereva Craig Breen wa Ireland alikufa akifanya majaribio kabla ya mbio za Croatia; mwelekezi wake alinusurika. Miezi miwili baadaye wenzake walikuwa Naivasha, wanaendesha kama kawaida, kwa sababu ndiyo kazi. Anayesoma ramani kando ya dereva anajua kwamba ile inchi moja ya jiwe ingeweza kuwa upande wake.

Lakini madereva wa dunia ni wachache, na wana timu, madaktari na familia kwenye simu. Nje ya karakana kuna watu wengi zaidi. Kuna vijana waliojitolea kusimamia njia, wanaosimama vumbini tangu alfajiri wakiwazuia mashabiki wasivuke. Kuna mama aliyekopa chama ili anunue soda na mayai ya kuuza, mvua ikinyesha Jumamosi amerudi na deni. Kuna msichana aliyekuja na marafiki kutoka Nairobi, usiku wa manane hajui marafiki wako wapi. Kuna mfanyakazi wa shamba la maua anayetoka zamu na kukuta nauli ya kurudi nyumbani imepanda mara mbili. Kuna mhudumu wa boda boda aliyeumia na mwenzake anaogopa kumpeleka hospitali kwa kuwa hana leseni. Na kuna muumini wa kawaida wa Naivasha ambaye barabara ya kanisani kwake imefungwa siku ya Pasaka, naye amekasirika, na hasira yake ni halali.

Hawa wote hawako kwenye orodha ya wanaoshindana. Hata hivyo ndio wengi wanaolibeba shindano. Kasisi akikaa karakana akisubiri Mfini aje kuungama, atakuwa amevaa beji bure.

Na ziko mvua. Wale waliozitafuta mvua za Pasaka kwa ajili ya matope hawakuwa wakizichezea peke yao. Mvua hizo zina mambo yao. Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na maji ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, walikokuwa wamekwenda kutembea. Mwaka wa 2024, tarehe 29 Aprili, chini ya mwezi mmoja baada ya Rovanperä kunyanyua kombe, maji yaliyozuiliwa chini ya tuta la reli yalipasuka juu ya Mai Mahiu usiku, yakabeba nyumba, miti na watu. Waliokufa walikuwa makumi. Shughuli ya kuwatafuta kwenye matope iliendelea kwa siku nyingi. Hakukuwa na kamera za dunia za moja kwa moja, wala helikopta ya kufuatilia gari la kwanza. Kulikuwa na Msalaba Mwekundu, majirani wenye majembe, na watu wa dini waliokaa na jamaa wakisubiri mwili utambuliwe.

Ninaiweka Machi 31 na Aprili 29 pamoja kwa sababu ni bonde moja, barabara moja na masika yaleyale. Kasisi anayefaa Safari Rally ni yule ambaye angepatikana siku zote mbili. Anayeweza siku ya mbio peke yake ni mtalii mwenye Biblia.

Linalowezekana

Hii si ndoto ya mbali. Nakuru ina makanisa ya kila aina, misikiti ya zamani, mahekalu ya Wahindu na gurdwara. Ina chuo cha kijeshi huko Lanet, na majeshi yetu yana makasisi wao wanaojua kukaa na vijana wenye nidhamu ngumu na hofu ya kimyakimya. Wanariadha wengi wa Kenya wametoka katika jeshi, polisi na magereza. Ina wauguzi wastaafu na walimu wa ushauri nasaha. Watu 30 wa dini tofauti, waliofunzwa pamoja kabla ya mbio, wakigawanywa karakana, vituo vya mashabiki, hospitali na stendi ya matatu usiku, wangefanya kazi kubwa kuliko jukwaa lolote la maombi. Gharama yake ni chai, makoti na nauli.

Masharti nayo yangekuwa yaleyale ya Olimpiki, pamoja na mawili yetu. Asihubiri asipoulizwa. Asipige picha. Asiulize kabila wala dini kabla ya kuuliza, umekula? Na namba yake ya simu ibaki ikipatikana hadi mwisho wa masika.

Hilo la mwisho ndilo litakalopunguza orodha ya wanaojiandikisha. Ni heri lipunguze. Mwaka wa 1968 yalifika magari 7 kati ya 93, na mpaka leo tunayataja.